Kabla ya Kunyoosha Kidole Kliniki

Siku za kazi, kabla maduka ya Mtaa wa Congo, Kariakoo jijini Dar es Salaam, hayajafunguliwa na wachuuzi hawajatandaza mali zao barabarani, mabenchi ya kliniki za wajawazito katikati ya jiji yameshajaa. Utamkuta binti anayeuza vitenge kwenye frem ya mtu, mama lishe aliyemwachia jirani masufuria yake, mke wa mwenye duka aliyeshushwa na bajaji getini. Kama ni hudhurio la kwanza, wote watanyoosha kidole kichomwe. Wanajua kuna kipimo. Kinachopimwa hasa ni nini, na majibu yakishatoka yanampeleka mtu wapi, hapo wengi hubaki wakibahatisha, na hapo ndipo nataka tukae leo.

Nianze na msimamo wangu ili tusizungushane. Kipimo chenyewe hakimkingi mtu yeyote. Mama na mtoto wanakingwa na yale yanayofanyika saa moja, wiki moja na mwaka mmoja baada ya kipimo. Kila likizuka gonjwa la kuambukiza sisi hugombania kipimo: ni cha kweli au cha uongo, kimeletwa na nani, kina nia gani. Ugomvi ukija kuisha, hakuna aliyekumbuka kuuliza hatua ya pili ni ipi.

Tumeshapita njia hiyo mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini, watatu, waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na ilipofika 1986 mikoa yote ya Bara ilikwisha kuripoti wagonjwa. Katikati ya miaka ya 1990, watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard walikuwa wakiwapima wajawazito kwenye kliniki za Dar es Salaam, na kati ya Aprili 1995 na Julai 1997 wakaandikisha zaidi ya 1,000 waliokutwa na virusi. Utafiti ule ulihusu vitamini. Ndiyo, vitamini. Kwa mjamzito wa kawaida wa jiji hili, dawa ya kumzuilia mtoto virusi haikuwepo. Vidonge vile vya vitamini mchanganyiko vilisaidia kwa sehemu yake: mimba chache zaidi ziliharibika, na watoto wachache zaidi walizaliwa na uzito pungufu. Lakini ngome ya kumkinga mtoto na virusi havikuwa.

Watafiti walipowafuatilia wanawake hao kujua wangapi wamewaambia wenza wao, walikuta kwamba ndani ya miezi miwili ni asilimia 22 tu. Baada ya karibu miaka minne ilikuwa asilimia 40. Maana yake, zaidi ya nusu yao waliishi na siri hiyo miaka yote ile, wakapika nayo, wakalala nayo. Siwezi kuwalaumu. Wangemwambia mume nini? Kwamba nimepimwa, nimekutwa nao, na hakuna cha kufanya?

Mambo yalibadilika kwa kasi kuliko mazungumzo yetu ya vibarazani. Mwaka 1999 utafiti uliofanyika Mulago, Kampala, ulionyesha kuwa kidonge kimoja cha nevirapine kwa mama mwenye uchungu, na dozi moja ya maji kwa kichanga, vilipunguza maambukizi karibu kwa nusu vikilinganishwa na dawa ya zamani. Kuanzia 2013 Tanzania ikaanza kumpa kila mjamzito mwenye VVU dawa za kufubaza virusi kwa maisha yake yote, bila kusubiri kinga ishuke. Siku hizi walio wengi humeza kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Pasipofanyika lolote, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwenye ziwa. Mama akimeza dawa ipasavyo, idadi hiyo hushuka chini ya 5. Dawa ni za leo, ila woga wetu bado ni ule wa 1995. Tumerithishana kama kanga za bibi.

Mara ya pili ilikuwa korona. Jijini New York, kwenye hospitali zinazohusiana na Chuo Kikuu cha Columbia, kati ya Machi na Aprili 2020 walimpima karibu kila mwanamke aliyekuja kujifungua. Kati ya 215, waliokutwa na virusi ni 33, na kati ya hao 33 wenye homa au kikohozi walikuwa 4 tu. Waliobaki 29 walionekana wazima kabisa. Kule kipimo kilikuwa na hatua ya pili: huyu anaingia chumba hiki, mkunga wake anavaa kinga hizi, ndugu anayemsindikiza anavaa barakoa. Kwetu Hospitali ya Amana ilitengwa kwa ajili ya wagonjwa wa korona, takwimu zikasimama Aprili 29 zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, halafu likaja lile la sampuli za papai na mbuzi zilizodaiwa kukutwa na korona maabara, nchi nzima ikabaki inabishana kama mashine ya maabara ni nzima. Chanjo zilipozinduliwa Julai 2021 watu walikuwa wameshachoka kubishana. Mjamzito wa Gerezani aliyetaka tu kujua aende kliniki au asiende, hakuna aliyemjibu kwa ufasaha.

Nimjibu leo, kwa ajili ya mlipuko ujao, maana utakuja. Nenda. Vaa barakoa, kaa karibu na dirisha, nawa mikono, lakini hudhurio usiliruke. Presha ya mimba, upungufu wa damu na mtoto aliyekaa vibaya havisubiri gonjwa lipite. Mjamzito aliyepata korona alikuwa katika hatari zaidi ya kuzidiwa na kujifungua kabla ya wakati, ila mama mwenye korona kumpitishia mtoto tumboni lilikuwa jambo la nadra, na Shirika la Afya Duniani lilishikilia tangu mwanzo kwamba anyonyeshe huku amevaa barakoa na amenawa. Na ile nyungu ya majani: mjamzito asijifunike blanketi juu ya sufuria linalochemka. Joto kali mwilini, hasa miezi mitatu ya mwanzo, linaweza kumdhuru mtoto, achilia mbali maji ya moto kumwagikia mapajani.

Sasa turudi kwenye benchi.

Jambo la kwanza ni kuwahi, yaani mimba isizidi wiki 12. Najua tunavyoambiwa: mimba changa haitangazwi, watu wana macho. Sawa, usiitangaze. Nesi si watu. Tofauti ya kuanza dawa mwezi wa tatu na kuanza mwezi wa nane ni kubwa, kwa sababu dawa inahitaji wiki kadhaa kuvishusha virusi kwenye damu hadi visionekane kwenye kipimo, na unataka viwe vimeshuka kabla uchungu haujaanza. Anayefika mara ya kwanza leba amejipunguzia muda mwenyewe. Atasaidiwa, lakini kwa kukimbizana.

Kariakoo kuwahi kuna maana nyingine pia, ile ya saa. Ukifika saa moja asubuhi unaweza kuwa umerudi dukani saa tano. Ukifika saa tatu, utakaa mpaka adhuhuri, utaanza kupigiwa simu na bosi, utaondoka kabla ya majibu. Huko kuondoka kabla ya majibu ndiyo hasara kubwa kuliko zote, na hutokea kwa sababu ndogo namna hiyo tu, mteja anasubiri mzigo. Kipimo cha kidole hakihitaji urudi kesho. Nesi anafuta ncha ya kidole kwa pamba yenye spiriti, anachoma, analinyonya tone kwa kijirija chembamba na kulidondosha kwenye kitundu cha kijibao cha plastiki, anaongeza matone ya dawa, kisha mnasubiri dakika 15 hadi 20. Una haki ya kukitazama. Kuna mstari wa kuhakiki ambao lazima utokee kila mara. Usipotokea, kipimo hicho kimeharibika na kinatupwa, achukue kingine. Mstari wa pili ukitokea, bado hujaambiwa kitu cha mwisho. Unapimwa tena kwa kipimo cha aina nyingine kuthibitisha, na ukiona hatua hiyo inarukwa, sema: naomba nithibitishiwe. Kwa wajawazito kuna kijibao kinachoangalia VVU na kaswende kwa pamoja, na hiyo kaswende usiidharau, maana huua watoto tumboni na dawa yake ni sindano ya penisilini.

Uliza unapimwa nini na nini. Uliza majibu yataandikwaje kwenye kadi yako ya kliniki na nani mwingine huiona. Uliza ukikutwa na tatizo utapelekwa chumba gani, leo hii au siku nyingine. Nesi aliyechoka anaweza kukujibu kwa mkato. Muulize tena kwa upole, "dada, samahani, sijaelewa hapo", hana budi kukuelewesha. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka mjamzito na mwanaume mwenye mimba yake wapewe ushauri na nafasi ya kupima kwa hiari, na inamtaka mtoa huduma atunze siri. Kwenye vituo vya serikali kipimo hicho ni bure, na dawa za kufubaza virusi ni bure. Mtu akikuomba hela ya kipimo cha VVU, omba risiti uone kama ataiandika.

Tuje kwa baba. Kliniki nyingi huwapa kipaumbele wanawake waliokuja na wenza wao, na nia yake ni njema. Lakini Mswahili hakosi njia: vipo visa vinavyojulikana vya mwanamke kumkodi bodaboda ajifanye mume ili apite mbele ya foleni. Inachekesha hadi unapofikiria kwamba bodaboda amepimwa, amepewa majibu yake, ameondoka, na mume halisi yuko Mtaa wa Sikukuu anahesabu maboksi. Mwanamke ambaye baba wa mtoto hayupo au hataki, asikubali kurudishwa nyumbani kwa kukosa mwanaume. Aseme yuko peke yake, ahudumiwe. Mwenza ni nyongeza, kukosekana kwake si sababu ya kumnyima mtu huduma.

Na wewe kaka mwenye duka unayesema huna muda: tarehe 14 Julai 2007, Rais Kikwete na Mama Salma walipimwa hadharani pale viwanja vya Mnazi Mmoja, mwendo wa dakika chache kutoka soko kuu. Kama mkuu wa nchi alipata nafasi, wewe utaipata. Ukishindwa kabisa kuja, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 mtu anaruhusiwa kujipima VVU mwenyewe. Kijiti kinapitishwa kwenye fizi, kinawekwa kwenye kichupa, unasubiri dakika 20. Kikionyesha mistari miwili lazima ukathibitishe kituoni. Kikionyesha mmoja, kumbuka mambo ya juzi hakiyaoni. Aliye tayari kwenye dawa asikitumie, kinaweza kumdanganya. Ila dada zangu, asije mtu akampima mume usingizini. Mbali na kuwa ni makosa, utayapata majibu ambayo huna namna ya kuyasema.

Sasa majibu. Nianze na yale ambayo watu hudhani hayana la kuzungumza, yaani huna maambukizi. Binti anatoka chumbani anatabasamu, anapiga simu, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kufikiria habari hizo. Hapa ndipo naona mianya mingi. Kipimo kinaangalia askari ambao mwili hutengeneza dhidi ya virusi, nao huchukua wiki kadhaa kujitokeza, hata miezi mitatu. Aliyeambukizwa juma lililopita ataonekana mzima. Tena mama anayeambukizwa akiwa na mimba au akinyonyesha ndiye hatari zaidi kwa mtoto, kwa kuwa wakati huo mpya virusi huwa vingi mno kwenye damu na yeye hajui chochote. Kwa hiyo pima tena mimba ikiwa na miezi saba au minane, na pima tena unaponyonyesha. Kariakoo ni mji wa wasafiri, wanaume wanafuata mzigo Guangzhou na Dubai, wateja wanatoka Lubumbashi, Lilongwe na Moroni. Sisemi msafiri ni mkosaji. Nasema kipimo cha Januari hakiwezi kumjibia mtu mambo ya Agosti.

Kama majibu yanaonyesha una virusi, siku hiyo usipange maisha yako yote. Fanya mambo mawili tu: thibitisha, na anza dawa. Kwa mjamzito dawa zinaweza kuanza siku hiyohiyo, na mara nyingi utapewa hapohapo kwenye kliniki ya mama na mtoto bila kukupanga kwenye foleni ya CTC, yaani kitengo cha tiba na matunzo kwa wenye virusi. Kwenye vituo vingi kuna WAVIU washauri, watu wanaoishi na virusi ambao kazi yao ni kuzungumza na wageni wa habari hii. Omba kuonana na mmoja, hasa mwanamke aliyezaa. Nusu saa na mtu ambaye mwanawe anasoma darasa la nne na hana virusi, ina thamani kuliko mabango yote ya ukutani.

Mahali pa kutunzia dawa panahitaji akili kwa mtu anayeishi chumba kimoja cha kupanga, na mashemeji wanaingia na kutoka. Kichupa cha plastiki hulia kikitikiswa. Wengine hukijaza pamba kinyamaze. Usivihamishie vidonge kwenye kikaratasi cha karanga, joto na unyevu wa Dar vinaviharibu. Chagua saa ambayo mwili wako unaikumbuka wenyewe, kama ile ya kufungua duka au ya kufunga, uweke na mlio wa simu.

Kumwambia mwenza ndiko kugumu kuliko kumeza kidonge. Sheria ile ya 2008 inamtaka aliyekutwa na virusi amjulishe mwenza wake, lakini haimfundishi namna. Njia niionayo bora ni kurudi kliniki wote wawili na kupimwa upya kama wanandoa, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, nesi akatoa majibu yote kwa pamoja. Hapo hakuna aliyemletea mwenzake habari. Wote wameipokea mezani. Mwambie nesi mapema kuwa ndivyo unavyotaka, hilo si ombi geni kwao. Usiseme usiku, usiseme akiwa amekunywa, usiseme kwa ujumbe wa simu. Na usikubali neno "wewe ndiye uliyeniletea". Aliyepimwa kwanza si lazima awe ameambukizwa kwanza, wajawazito hupimwa mapema kwa sababu wao ndio wanaokwenda kliniki. Inawezekana kabisa mmoja akawa nao na mwingine hana, na hilo si ushahidi wa uganga wala uongo wa kipimo.

Kama mume wako ana mkono mwepesi, elekeza nguvu kwenye usalama wako kwanza. Mwambie mtoa huduma, yeye anaweza kukuunganisha na ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi. Meza dawa zako wakati huo wote. Kumwambia kunaweza kusubiri mpango mzuri, dawa haiwezi kusubiri.

Kuna desturi yetu ya kwenda kujifungulia kwa mama. Mimba ya kwanza hasa, binti anapanda basi kwenda Tanga, Singida au Mtwara miezi miwili kabla. Hapa huduma hukatika kimyakimya. Kadi inaachwa kabatini Kariakoo, dawa za mwezi mmoja zinaisha, kituo cha kule hakimjui, naye anaona aibu kuanza kujieleza upya mbele ya nesi ambaye ni binamu wa jirani yao. Kabla ya kukata tiketi, omba barua ya uhamisho na dawa za kutosha za miezi utakayokuwa huko. Kama huwezi kwenda kituo cha kijijini kwenu kwa sababu kila mtu anakujua, chagua kituo cha mjini jirani, nauli ya daladala ni gharama ndogo. Beba kadi kwenye mkoba wako wa mkononi, usiiweke kwenye buti la basi.

Mtoto akishazaliwa anapewa nevirapine ya maji kwa wiki 6 za mwanzo au zaidi, kwa maelekezo ya kituo. Kwenye wiki ya 6 anachomwa kisigino, matone ya damu yanakaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara kutafuta kirusi chenyewe. Mama wengi hushangaa kwa nini hapimwi kwa kijibao kile cha haraka. Sababu ni kwamba askari wa mama hupita kwa mtoto tumboni na kukaa mwilini mwake hadi karibu miezi 18. Kijibao kingewaona hao na kumhesabu mtoto kuwa ameambukizwa wakati hana kitu. Ndiyo maana jibu la mwisho hutolewa akishafika miezi 18 na ameshaacha ziwa. Katikati hapo usiache kufuatilia majibu ya karatasi. Kila hudhurio la chanjo, uliza yamerudi au bado.

Kunyonyesha kunawatesa zaidi wafanyabiashara. Ushauri ni maziwa ya mama peke yake miezi 6, bila maji, bila uji, bila maziwa ya ng'ombe, huku mama akiendelea na dawa, halafu aendelee kunyonyesha akiongeza vyakula. Lakini arobaini ikiisha, duka linaita. Mtoto anabaki na dada wa kazi au bibi, analia saa sita mchana, anapewa uji mwepesi kwa upendo wote. Kwa mama mwenye virusi, kuchanganya huko kabla ya miezi 6 ndiko kunakoleta matatizo, vyakula vingine huchubua utumbo mchanga. Kama unaweza, kamua asubuhi, weka kwenye chombo safi chenye kifuniko ndani ya jokofu, mtoto anyweshwe kwa kikombe. Bila jokofu, joto la Dar halikupi saa nyingi. Ukiweza kumleta mtoto nyuma ya frem, mlete. Maduka mengi pale yameshalea watoto juu ya majora ya vitambaa na hakuna mteja aliyekimbia.

Homa ya ini B ninaitaja kwa ufupi, ingawa inastahili makala yake. Inaambukiza kirahisi kuliko VVU, na mtoto anayeipata wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa asilimia 90 wa kubaki nayo maisha yote. Si kila kituo hupima wajawazito wote, kwa hiyo uliza, na kama wanakuelekeza maabara ya nje na una uwezo, kalipie. Ukikutwa nayo, uliza kuhusu chanjo ya mtoto ndani ya saa 24 za mwanzo, maana ile ya kawaida ya kliniki huanza wiki ya 6. Na kwa kuwa Machi 2025 wizara ilithibitisha wagonjwa wawili wa mpox nchini, mjamzito mwenye homa na vipele vyenye maji asijifiche ndani akipaka mafuta. Katika hospitali ya Kole huko Kongo, kati ya wajawazito wanne walioandikwa na watafiti, watatu walipoteza mimba. Apige simu 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, aelekezwe pa kwenda kabla hajakaa kwenye benchi na wenzake.

Neno langu lililobaki ni kwa wenye maduka. Binti aliyeajiriwa rasmi ana siku 84 za likizo ya uzazi kwa sheria. Wengi mlionao hamna hata karatasi nao, mnalipana jioni kwa mkono. Basi angalau asubuhi moja kwa mwezi mpe aende kliniki, usimkate posho, na usimpigie simu saa tatu kumuuliza bei ya kanzu. Akirudi usimwombe kadi yake uisome. Kama unataka ushahidi kwamba alikwenda, tarehe ya hudhurio lijalo akikuandikia pembeni ya daftari la mauzo inatosha, tena itakusaidia kupanga nani atakaa dukani siku hiyo.